Alhamisi za Crispin

15 Septemba, Jumatatu

Mvua. Bibiane amerudi kutoka chuo na farde tatu, yale majalada manene yenye pete za chuma ndani, amezikumbatia kifuani kama mtu aliyejifungua mapacha. Nimempokea mlangoni: "Hongera, mama. Baba yao ni nani?" Hakucheka. Amezilaza mezani, akavua koti, akasema: "Rigo, hii njo yote ya kusoma. Ni ya lazima."

Somo lenyewe ni historia ya Amerika ya mwanzo, kabla nchi haijawa nchi. Ndilo somo la mwisho kati yake na diploma anayoifukuzia miaka minane sasa, jioni kwa jioni, akitoka kuwaogesha wazee wa watu. Mwaka jana alianguka kwa hilo hilo. Chuo kimemwandikia kwamba safari hii hakuna nyingine. Tatizo si akili. Maandishi yote ya lazima ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha miaka mia nne nyuma, na sisi wa Bukavu tulifundishwa kwa Kifaransa na kwa fimbo.

Na mimi? Nina miaka hamsini na minne, ninakunja mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia huko Anderlecht, hapa Ubelgiji, na Kiingereza changu ni maneno mawili yaliyoandikwa kwenye mashine: la kuwasha na la kuzima.

Lakini kuna mwenzake darasani, ameniambia, Mkongo wa Goma aliyekulia ukimbizini Uganda. Kiingereza kwake ni maji ya kunywa. Anaitwa Crispin. Atakuwa anakuja Alhamisi wasome pamoja.

"Karibu yake," nikasema. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

25 Septemba

Mvua. Crispin amefika saa kumi na mbili kamili, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu linatosha kutia shaka. Nilitegemea kijana wa chuo; nimeletewa mtu mzima wa hamsini, mrefu, hana mke, ana mashati. La leo ni rangi ya maziwa, limepigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate. Mimi ninayekunja nguo kwa mshahara, kazi nzuri naijua nikiiona.

"Papa Rigobert, heshima. Mi nakuja tu kumusaidia maman."

"Karibu, ndugu. Hapa njo kwako."

Ni adabu tu ile. Sikujua kuna watu wanaoisikia jinsi ilivyo.

2 Oktoba

Mvua. Shati la bluu.

9 Oktoba

Leo wamecheka. Si kicheko cha adabu. Bibiane amecheka hadi akajipiga paja. Nilikuwa kwenye kochi na televisheni isiyo na sauti, ili nisiwasumbue. Crispin alipoondoka nikauliza walikuwa wanacheka nini.

"Aa, ni mahubiri ya pasta moja ya kule zamani. Ukitafsiri inapoteza utamu, Rigo."

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo panaponiuma. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, mke wangu hurudi kazini, huvua viatu, hukaa, nami humwekea chai, naye hunisimulia. Mzee aliyekataa kuoga mpaka aimbiwe. Bibi aliyeficha mkate chini ya mto. Mkubwa wao anayesema na maua. Huwa mimi ndiye wa kwanza kusikia, na mara nyingi wa mwisho pia, kwa sababu Bibiane si mtu wa kusimulia ovyo. Sina mali nyingine ya kujivunia.

Sasa hadithi zinafika mezani Alhamisi na zinaishia pale pale, kwa mwenye shati.

12 Oktoba, Jumapili

Bibiane yuko kazini. Nimefungua farde kama mwizi. Simu yangu inajua kupiga picha ukurasa na kuutafsiri. Nimeangukia kesi ya wachawi: mwanamke kapita mbele ya zizi la jirani, na kesho yake ng'ombe kakauka maziwa. Jirani amesimama mbele ya mahakimu anaeleza kwa uchungu mkubwa, na mahakimu, watu wazima, wanaandika habari za matiti ya ng'ombe. Nimecheka peke yangu.

Jioni nikamtupia neno, kama mtu aliyekumbuka tu: "Kumbe vile walimuonea ule maman ya ng'ombe!"

Akanitazama kama mtu aliyemkuta paka anavaa soksi. "Ile ni ya wiki ilipita, Rigo. Sasa tuko kwa mikataba ya watumishi."

Tuko. Nani na nani?

16 Oktoba

Upepo, mvua. Shati jeupe. Wakati wa kula Crispin ameuliza chumvi iko wapi, na kabla sijajibu ameinuka, amefungua kabati, ameitoa. Anajua chumvi yangu inalala wapi.

23 Oktoba

Leo nitaandika kirefu.

Bibiane alinunua kuku mzima kwa Waturuki wa barabara ya chini, kuku wa kweli mwenye mifupa migumu na vya tumboni vyake. Sasa, kwetu kuku ana sheria. Mabawa ni ya watoto. Shingo ni ya aliyepika. Mgeni, hata awe askofu, hupewa paja. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba yangu hakuwahi kutuambia kwa mdomo kwamba yeye ndiye mkubwa pale; alikula firigisi, ikatosha. Mwaka aliougua akashindwa kutafuna, mama aliiweka tu kwenye sahani yake, akaiangalia, akashiba.

Basi wamemaliza kusoma, meza imesafishwa nusu, farde bado iko wazi kando ya sufuria. Bibiane anagawa chakula huku anasema, tena anasema na Crispin:

"Fikiria! Miaka saba! Ule muntu anauzisha miaka saba ya mwili yake, juu ya kuvuka bahari tu! Anatia kidole mu wino, c'est fini, imeisha."

Na mwiko wake ukatembea. Niliuona. Ulizamia kwenye mchuzi, ukaibuka na firigisi, ukapita mbele ya pua yangu kama basi lisilosimama kituoni, ukaitua kwenye sahani ya Crispin.

Crispin hakuangalia hata. Akaitia mdomoni, akameza mate, akajibu: "Na wengine walikufa mbele ya kumaliza ile miaka, maman. Donc waliuzisha bure."

"Bibiane," nikasema.

"Nini?"

"Hapana. Kitu hakuna."

"Papa Rigo hakule?" akauliza Crispin, mdomo umejaa mimi.

Alipoondoka nikasubiri mpaka nikasikia mlango wa chini. "Ile firigisi."

"Firigisi gani?"

"Ya kuku, Bibiane. Ulimupa yeye."

Akafikiri, kweli kabisa akafikiri, kisha akashika kichwa. "Ee Mungu. Rigo, sikuangalia hata!"

"Hiyo njo mbaya. Hukuangalia."

"Mi niko na mutihani mu janvier," akasema, "na wewe uko na firigisi." Akachukua farde yake akaenda chumbani.

Ningekuwa mtu mwenye busara ningelala. Lakini nimeshampigia simu Maman Laetitia.

26 Oktoba, Jumapili

Maman Laetitia na mumewe, Papa Éliézer, ni marraine na parrain wa ndoa yetu: ndio waliosimama nasi kanisani Bukavu, na Mungu kwa kupenda mizaha akawaleta nao Ubelgiji, orofa ya tatu, Anderlecht. Kwetu jambo la ndoa halipelekwi kwa jirani wala kwa padri wala Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini. Linapelekwa kwa waliosimama nawe, na wakishasema wamesema, hakuna rufaa.

Tumeenda baada ya misa. Tumepewa maandazi. Nikaeleza. Nilipofika kwenye mwiko, Papa Éliézer, aliyekuwa anasinzia, akafungua macho.

"Alikula yote?"

"Yote, papa."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Tsss," akasema Papa Éliézer, akatikisa kichwa kama kwenye msiba.

Nikajisikia nasimama pale mahakamani na ng'ombe wangu. Hata mikono nilikuwa nimeiweka vile vile ninavyodhani yule jirani aliiweka, juu ya tumbo. Na niseme ukweli, nilikuwa nangoja nichekwe. Nilitaka Maman Laetitia anitukane kidogo, Bibiane acheke, turudi nyumbani tukiwa watatu: yeye, mimi na aibu yangu.

Maman Laetitia hakucheka. "Bibiane, binti yangu, ni kweli?"

"Ni kweli, maman. Sikufanya na ubaya."

"Najua. Lakini firigisi iko na mwenyewe. Leo ni kuku, kesho ni kiti. Alors: ule papa asikuje tena kwa nyumba mpaka miye niseme. Na wewe, Rigobert, funga kinywa. Nisisikie hii mambo inatembea ku Matonge."

Nimeshinda kesi.

"Ndiyo, maman," amesema Bibiane. Hakubisha. Ameinuka, ameosha vikombe vyote jikoni kwa watu, na kwenye metro amekaa akitazama dirishani ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa handaki na uso wangu.

30 Oktoba

Alhamisi. Hakuna shati. Bibiane amepika kuku. Ameniwekea firigisi katikati ya sahani, peke yake, bila hata wali, ameenda chumbani na farde.

Ilikuwa ngumu.

6 Novemba

Mvua.

13 Novemba

Mvua. Anasoma na kamusi. Simwulizi kitu, hanisimulii kitu. Leo nimesikia kwa mke wa bawabu, eti wiki iliyopita mzee mmoja kule kazini kwa Bibiane amemchumbia nesi akiwa amevaa suti yake ya harusi ya zamani. Mke wa bawabu alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. "Si ulijua?" Nikasema najua, najua.

20 Novemba

Alhamisi. Baridi imeingia, mvua ni nyembamba kama uzi. Asubuhi nimemkuta mezani amevaa tayari sare ya kazi, kidole kiko juu ya mstari.

"Ukurasa moja, Rigo. Tangu jana, moja. Iko bado zaidi ya mia mbili."

Hakulia wala hakunilaumu. Alikuwa ananipa habari tu, kama mtu anayesema basi limechelewa.

"Naweza kukusaidia," nikasema.

"Na Kiingereza gani?"

Nikatoa simu yangu, nikapiga picha ukurasa. Lilikuwa tangazo la gazeti la kale, bwana mmoja anamtafuta mtumishi wake aliyetoroka. Simu ikafikiri, ikatoa: "Amekimbia na suruali mbili na pua yake, yeyote atakayemshika apewe jogoo." Bibiane akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Oktoba, nacho kimeniuma kuliko vyote vya Alhamisi, maana kilikuwa cha kunihurumia. Akanipiga begani mara mbili, polepole, jinsi anavyowapiga wazee wake, akaenda kazini.

Kazini kwangu nimekunja mashuka mpaka saa nane nikiwaza. Yule jirani alipata alichotaka. Mwanamke alifungwa. Na hakuna ukurasa hata mmoja, nimetafuta, unaosema ng'ombe alirudisha maziwa.

23 Novemba, Jumapili

Nimeenda Anderlecht peke yangu.

"Leo umekuja kushitaki nini?" Maman Laetitia akauliza kabla sijakaa. "Paja?"

"Nimekuja kuomba, maman. Crispin arudi."

Akamwita mumewe kutoka chumbani. "Éliézer! Kuja usikie." Kisha kwangu: "Rudilia."

"Naomba Crispin arudi kwa meza."

"Miye nimeona wanaume wanaleta kesi juu ya mwanaume mwingine," akasema. "Batatu, banne kila mwaka. Wa kuniomba nimurudishie mwanaume mwingine kwa nyumba, wewe njo wa kwanza."

"Ataanguka, maman. Na nitakuwa ni miye nilimuangusha."

Akaacha mzaha hapo. "Bon. Nafungua. Lakini utaenda kumutafuta wewe mwenyewe, na miguu. Hapana na telefone."

25 Novemba

Crispin anakaa kwenye majumba marefu karibu na kituo cha mwisho. Amefungua mlango akiwa na pasi mkononi. Hakunikaribisha kukaa, viti vyote viwili vilikuwa na mashati.

"Papa Rigobert, mi nimekulia mu kambi," akasema. "Nilikula nyumba ya kila muntu. Masikini, batu babaya, wote. Hakuna hata moja alinihesabia nyama mu kinywa."

"Nilikosea, ndugu."

"Na jua kitu moja. Firigisi, mi sipendake! Tangu utoto. Inanibana hapa." Akajishika koo. "Nilimeza juu ya heshima ya maman, nikasema Crispin, ukiitema hapa utamuaibisha papa mwenye nyumba."

Nimesimama katikati ya chumba cha watu. Nikaomba radhi mara ya pili, mara hii kwa firigisi yenyewe.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Mais wewe utakaa nasi kwa meza. Kila dakika. Miye sitaki tena tribunal."

27 Novemba

Alhamisi. Shati la mistari. Nimekaa nao kwa meza, kila dakika, kama nilivyohukumiwa.

Nilidhani wanatazamana. Hawatazamani. Kwa saa mbili nzima hawakuinua macho kutoka kwenye zile karatasi ila kwa kugombana, na anayegombana ni Bibiane. "Hapana, Crispin! Unasoma mbio mbio. Hakumupa ile shamba, alimukopesha tu! Angalia hapa, angalia!" Na kidole chake kinapiga mstari, tap, tap, na Crispin na Kiingereza chake chote anasoma tena, anainamisha kichwa: "Ni kweli, maman. Uko na haki." Yeye anampa maneno tu. Maana anaitoa Bibiane, kwa haraka, kwa ukali, mashavu yamepata moto, miwani imepanda kwenye nywele.

Huyu mwanamke sijawahi kukutana naye. Nimeishi naye miaka ishirini na mitatu, nikimwekea chai, nikidhani habari za mkate chini ya mto ndizo zote alizo nazo.

Wivu wangu, ambao tangu Septemba ulikuwa umelala miguuni pa Crispin, umeinuka, umejinyoosha, umeenda kulala juu ya farde. Na hapo hapafukuziki. Crispin nilimshitaki nikashinda. Karatasi nitazishitaki kwa nani?

4 Desemba

Mvua. Nimeuliza swali moja. Wote wawili wamenijibu kwa upole. Sitauliza tena.

11 Desemba

Sijui shati lilikuwa la rangi gani. Nimegundua sasa hivi ninapoandika.

22 Desemba

Blocus imeanza, yale majuma ambayo wanafunzi wa huku wanajifungia ndani kusoma kabla ya mitihani. Bibiane amechukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili hiyo. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Nimeweka sahani mlangoni pa chumba, nimegonga, nimeondoka. Simsikii akila. Namsikia akisema peke yake, anajiuliza, anajijibu, anajikatalia. Zamani angekuwa anasema nami.

31 Desemba

Watu wamepiga fataki. Bibiane amefunga dirisha ili asome. Heri ya mwaka mpya kwangu.

15 Januari, Alhamisi

Mtihani wenyewe ni wa mdomo. Unaingia, unachagua karatasi iliyokunjwa, unapewa muda wa kujitayarisha, halafu unakaa mbele ya profesa na kusema. Crispin alipita wa kwanza akatoka anapangusa shingo, amefaulu. Bibiane akaingia. Tukabaki sisi wawili kwenye benchi la korido, koti la mke wangu liko magotini pangu.

"Utafanya nini Alhamisi sasa?" nikamuuliza.

"Pasi," akasema Crispin.

Tulikaa muda mrefu. Nilisali kidogo. Nilikuwa nimeahidi kwamba akianguka nitakwenda mwenyewe kwa Maman Laetitia nikajishitaki, na nilikuwa nimeshaanza kutayarisha maneno, mlango ulipofunguka.

Alitoka amenyooka kuliko alivyoingia. "Amesema: madame, mwaka kesho sitaki kukuona tena hapa." Na akacheka ili tujue ni nzuri.

Nikasimama, koti mikononi, nimelifungua tayari. Akapita mbele yangu moja kwa moja kwa Crispin. Na hapo wakaanza, Kiingereza na Kifaransa na Kiswahili vyote kwa pamoja, huyu anauliza huyu anajibu, mikono hewani, profesa kasema hivi mi nikasema hivi. Nilisimama na koti wazi. Watu wa usafi walipita wakanizunguka.

Kwenye tram amelala begani pangu kutoka kituo cha kwanza. Nyumbani nikaweka chai.

"Alikuulizaka nini, Bibiane?"

"Rigo, kinywa yangu imechoka. Nimesema saa nzima. Kesho." Akanibusu kwenye paji la uso, akaingia chumbani, na kabla ya saa kumi jioni alikuwa anakoroma.

Nimekunywa chai yangu, kisha yake. Nimezunguka meza. Mwisho nimetoka nje, kwenye ngazi, nimevuta mlango nyuma yangu, nimempigia Crispin.

"Papa Rigo! Félicitations! Maman anafanya nini?"

"Analala. Niambie kidogo ile swali yake."

Na Crispin, ambaye hata simu anaishika kwa adabu, akanisimulia. Karatasi aliyoichagua Bibiane ilihusu wosia. Wanaume wa kule, wakikaribia kufa, walikuwa wanawaandikia wake zao: ninamwachia chumba kimoja, kitanda, nafasi ya kukaa karibu na moto, na wanangu wamletee kuni kila baridi. Halafu chini wanaongeza: mpaka siku atakapoolewa tena. Siku hiyo arudishe vyote. Profesa akamuuliza hilo linaonyesha nini. Wengine wote, akasema Crispin, na hata yeye mwenyewe, wangejibu sheria ya mali.

"Maman alisema ni sheria ya mali, ndiyo. Akaongeza: mais hii muntu anapoandika, anaona tayari mwanaume mwingine amekaa karibu na moto yake. Anakufa, na hata pale anauliza ni nani atasikia habari za mke wake jioni. Professeur akasema: madame, hiyo umeisoma wapi? Akajibu: Monsieur, hawa wanaume ni wajinga, si wabaya. Mi nalala na moja kila siku. Ule professeur alicheka mpaka akatosha miwani ku macho!"

Taa ya ngazi ikazima, ile inayojizima yenyewe. Sikuiwasha.

"Allô? Papa Rigo? Kwani hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Nataka tu kusikia tena. Anza mwanzo."